Mama Mundu na Kopo la Wifi Yake

Mama Mundu hakuwa mtu wa salamu. Ukipita kando ya shamba lake ukasema "habari za kazi", alikujibu "si unaiona", akaendelea kukata bila kuinua kichwa. Jina hilo alipewa na wafugaji waliokuwa wakinunua majani kwake, na hawakumpa kwa sababu ya kile chuma cha mkononi peke yake. Walisema hata ulimi wake ulinolewa kila asubuhi.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mfupi, mabega mapana, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Nyuma ya nyumba alikuwa na vipande vitatu vya alfalfa, yale majani ya mifugo yanayoota matatu matatu kwenye kikonyo na kutoa maua ya zambarau. Maua yenyewe hakuyapa nafasi. Alikata kabla hayajafunguka, kwa sababu yakishafunguka shina linakuwa kuni na ng'ombe analiacha horini. Alikausha kivulini, maana jua kali hupukutisha majani na mteja akabaki na vijiti. Na hakumuuzia mtu majani yenye umande. Ng'ombe mwenye njaa akiyala hayo tumbo linajaa gesi, anavimba upande wa kushoto hadi anashindwa kuhema. Mfugaji mmoja aliwahi kumbishia juu ya jambo hilo, akafukuzwa mbele ya watu.

"Nenda kanunue pumba," Mama Mundu alimwambia. "Ng'ombe akifa utasema ni mimi."

Wateja walimvumilia kwa kuwa majani yake yalikuwa mazuri. Mtu mmoja tu hakumvumilia, na huyo aliishi naye nyumba moja.

Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wake. Mzee alipofariki iligawanywa katikati: upande wa mashariki wa mwanawe, ambaye ndiye mume wa Mama Mundu, na upande wa magharibi wa binti yake, fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Uwani palibaki pamoja, pamoja na bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Mume wa Mama Mundu aliugua tumbo siku nane, siku ya tisa akafa. Msibani, mbele ya watu waliojaa hadi barabarani, dada yake alisimama akasema, "Kaka yangu amekufa ndani ya nyumba yenye mke. Siku nane mke anamkorogea uji."

Ukweli ni kwamba mume mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda hospitali, na Mama Mundu alimsihi hadi sauti ikamkauka. Lakini hakujibu siku ile. Alimtazama wifi yake kwa macho makavu, na tangu siku hiyo ilipita miaka kumi na tisa bila wao kuambiana neno jema. Walizungumza, tena kila siku, ila mazungumzo yao yalikuwa ya namna hii:

"Wifi, ndoo yako imekaa bombani tangu alfajiri. Inasubiri posho?"

"Isogeze, wifi. Mikono si unayo, au unaitunza kwa ng'ombe?"

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, Fundi alipatwa na ugonjwa. Damu iliganda ndani ya mguu wake wa kushoto, kisha kipande kikasafiri hadi kwenye mapafu. Alilazwa wiki tatu. Alirudi na vidonge vidogo vya rangi ya waridi vya kuifanya damu isigande ovyo, na kadi ya kliniki ambako alichomwa kidole kila mwezi kupima damu inachukua muda gani kuganda. Aliambiwa vidonge hivyo ni vya maisha. Mama Mundu hakwenda kumwona hospitalini. Alipoulizwa na majirani alisema, "Nikienda atazidiwa."

Ndipo likaja gari la dawa. Lilikuwa gari dogo jeupe lenye vipaza sauti viwili juu, na lilisimama kwenye kona ya mtaa siku tatu mfululizo. Mtu aliyekuwa ndani alikuwa na sauti tamu. Alisema kuna jani ambalo mizizi yake hushuka ardhini kuliko kimo cha nyumba, ikafuata madini ambayo mimea mingine haiyafikii. Linaitwa alfalfa. Linasafisha damu, linayeyusha mafuta, linashusha sukari, linaimarisha mifupa na kumrudishia mwanamke ujana wake. Aliuza unga wake katika vikopo vya kijani.

Mama Mundu aliyasikia yote akiwa anafunga matita. Alifyonya. "Ng'ombe wangekuwa wasichana," alisema, na hakuna aliyekuwapo wa kumjibu.

Wiki mbili baadaye aliona shamba lake limeguswa. Kwenye pembe ya kipande cha tatu, karibu na dirisha la jikoni la wifi yake, majani yalikuwa yamenyofolewa kwa mkono. Mtu mwenye mundu hukata sawasawa. Huyu alikuwa amechuma ncha laini tu, kama mtu anayechuma mboga. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Mama Mundu alitoka kabla jua halijachomoza, akakaa juu ya debe nyuma ya banda la kuku. Fundi alitoka na bakuli mkononi, akiuburuta kidogo ule mguu wa kushoto, akainama.

"Chuma tu, wifi," Mama Mundu alisema. "Usinione mimi."

Fundi hakushtuka, au alificha mshtuko. Alinyooka polepole. "Shamba la kaka yangu hili."

"Kaka yako amelala makaburini. Anayemwagilia ni mimi."

"Majani ni dawa. Mungu hakuyaotesha kwa ajili ya ng'ombe wa watu. Nayasaga, nayachuja, nakunywa glasi asubuhi na glasi jioni. Yanatoa povu kama sabuni, ndivyo yanavyosafisha. Siku hizi chache nimepata nguvu ambazo sijazipata tangu nilazwe. Na wewe hilo ndilo linalokuuma."

"Linaloniuma ni wizi."

"Roho mbaya itakuua kabla ya ugonjwa kuniua mimi," Fundi alisema, akaondoka na bakuli lake limejaa.

Mama Mundu aliweka miiba pembeni ya kile kipande. Fundi akaanza kuchuma upande mwingine.

Jambo hilo lingebaki ugomvi wa majani kama si mbwa wa mfugaji mmoja. Wiki tatu baadaye Mama Mundu alipeleka matita kwake, akamkuta bwana mifugo amepiga magoti uani, mbwa amelazwa kwenye gunia, ufizi umepauka na damu inamtoka puani. Alikuwa amekula panya aliyekufa kwa sumu. Bwana mifugo, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimchoma mbwa sindano, akakaa kumtazama.

"Sumu za panya za aina hii haziui kwa kuunguza tumbo," alieleza. "Zinazuia damu kuganda. Panya anavuja damu ndani kwa ndani hadi anakufa. Dawa yake ni vitamini K. Hiyo ndiyo inayoliwezesha ini kutengeneza vitu vya kugandisha damu." Akaonyesha matita kwa kidole. "Na hayo majani yako, mama, yamejaa vitamini K. Sindano inafanya kazi haraka zaidi, lakini kitu ni kilekile."

Mama Mundu alitua tita lililobaki kichwani. Aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kuna binadamu wanaopewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

"Wapo wengi. Wenye damu iliyoganda miguuni, wenye matatizo ya moyo. Kile kidonge kinachotumika sana ni ukoo mmoja na hiyo sumu. Zamani hata chenyewe kilikuwa kinawekewa panya. Kwa binadamu kinapimwa kidogo kidogo."

"Na mtu huyo akinywa maji ya alfalfa kila siku?"

Bwana mifugo alimtazama juu ya miwani. "Atakuwa anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kidonge kinazuia, majani yanagandisha. Nani anakunywa?"

"Hakuna. Lile gari la dawa linasema ni jani la kuponya kila kitu."

"Halijasema uongo wote. Majani haya yakisagwa hutoa povu kwa sababu ya kitu kinachoitwa saponini, nacho kinashika mafuta tumboni yasiingie yote kwenye damu. Wamejaribu kwa wanyama, na kwa watu kidogo. Kuna vitu vingine vinafanana na homoni ya kike. Majani yakishambuliwa na ugonjwa vinaongezeka, ndiyo maana ng'ombe anayekula majani yenye madoa anaweza kukataa kushika mimba. Sasa kitu chenye nguvu ya kumchezea ng'ombe mwenye kilo mia nne, mtu atakinywaje kwa glasi bila kuuliza?"

Mama Mundu alirudi nyumbani akiwa amenuna njia nzima. Angeweza kunyamaza. Alikiri baadaye kwamba alilifikiria hilo, akalifikiria tena alipofika getini. Fundi alikuwa kibarazani kwake na wateja wawili, anashona pindo la sketi, glasi ya maji ya kijani iko pembeni ya cherehani.

Mama Mundu alisimama bombani, akasema kwa namna pekee aliyozoea kusema naye. "Wifi, hivyo vidonge vyako ni ndugu na sumu ya panya. Na majani unayoniibia ndiyo dawa ya mbwa aliyekula sumu. Endelea kunywa, utakufa."

Mashine ilisimama. "Umesemaje?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Sumu ya panya. Utakufa. Nimesikia vizuri sana."

Kesho yake alasiri Mama Mundu aliitwa ofisi ya mtaa. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi na kabati lisilofungika. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene aliyechukia kazi za namna hiyo. Fundi alikuwa amekwisha kaa, mkoba mapajani, akaeleza kwamba wifi yake ametishia kumuua kwa sumu ya panya kwa ajili ya majani ya ng'ombe. Wateja wake wawili waliokuwa kibarazani kupimwa nguo walithibitisha kusikia maneno yale.

"Uliyasema?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliyasema. Lakini nilikuwa namwonya."

"Kuonya gani huko? Mtu unamwambia sumu, unamwambia kufa."

Mama Mundu alijaribu kueleza habari ya mbwa, ya vitamini, ya kidonge. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Fundi alicheka kwa pua. "Miaka kumi na tisa hajaniuliza nimelalaje, leo amekuwa daktari wangu. Hataki niguse majani yake, basi. Ametafuta maneno ya kunitisha."

Mwenyekiti aliandika kwenye daftari kubwa. Mama Mundu akaweka saini chini ya sentensi iliyosema kwamba Fundi akipatwa na dhara lolote, yeye atakuwa wa kwanza kuulizwa. Alitoka nje kwa hasira. Aliona kabisa jinsi mambo yatakavyokwenda. Wifi yake atakunywa majani hadi damu igande, atakufa, na hilo daftari litafunguliwa. Alikwisha kumsingizia kifo cha kaka yake. Sasa atamsingizia na kifo chake mwenyewe.

Alichukua mundu akakata vipande vyote vitatu siku ileile, hadi usawa wa udongo, ingawa majani yalikuwa bado wiki mbili. Wateja walilalamika. Aliwaambia waende wakalalamike kwa mwenye dirisha la jikoni. Fundi, alipoona shamba limebaki visiki, alinunua kopo la kijani kwenye lile gari, lililokuwa limerudi kwenye kona, akaliweka dirishani ambako Mama Mundu hangeweza kuchota maji bila kuliona.

Siku kumi zikapita. Asubuhi moja Fundi alikuja bombani na kandambili mguu mmoja tu. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi hauingii, ngozi ya muundi imekaza na kung'aa. Mama Mundu aliutazama.

"Mguu huo vipi?"

"Unao wako. Utazame."

"Kliniki lini?"

"Mwezi uliopita sikwenda, nilikuwa na nguo za harusi. Nakwenda leo. Umeridhika? Kaandike kwenye daftari."

Fundi aliingia kuvaa. Dirisha lilikuwa wazi, kopo liko palepale. Mama Mundu alipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaingiza mkono hadi begani, akalichukua. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchukua kitu cha mtu. Alilifunga ndani ya khanga, akatangulia.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi manne na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mama Mundu alikaa benchi la nyuma kabisa. Fundi alifika akichechemea, hakumwona, akakaa mbele. Jina lake lilipoitwa alikwenda kwenye meza iliyokuwa humo humo, imezungushiwa pazia lisilofika mwisho. Muuguzi alimchoma kidole, akatia tone kwenye kimashine, akasubiri. Akakunja uso, akamchoma kidole kingine.

"Moja nukta mbili," alisema. "Damu yako inaganda haraka mno; mara ya mwisho ulikuwa na mbili na nusu. Vidonge unameza?"

"Kila siku. Sijaruka hata kimoja."

"Umebadilisha chakula? Mboga nyingi kuliko kawaida? Dawa za miti shamba?"

"Hapana."

"Mwongo," ilisema sauti ya benchi la nyuma.

Watu wote waligeuka. Mama Mundu alipita katikati ya magoti ya wagonjwa, akalivuta pazia, akalibamiza kopo mezani hadi mfuniko ukaruka na unga wa kijani ukamwagika juu ya kadi.

"Anakunywa hii. Kabla ya hii alikuwa anaiba mabichi shambani kwangu. Glasi mbili kwa siku, zaidi ya mwezi."

Fundi aliinuka kitini. "Umeingia kwangu. Umeingia chumbani kwangu ukaniibia."

"Nimeiba. Nikamatwe. Kwanza mjibu muuguzi."

Tabibu alitoka chumba cha pili kwa kusikia kelele, mwanamke wa makamo aliyechoka, kalamu nyweleni. Alinusa ule unga, akasoma maandishi ya kopo, akaliweka chini taratibu.

"Hii alfalfa. Mama, unajua kidonge chako kinafanya nini? Kinazuia vitamini K isifanye kazi. Tumekupimia dozi kulingana na chakula chako cha siku zote. Ukijaza vitamini K kwa glasi, dozi yangu inakuwa maji. Nani alikuambia unywe?"

"Mtu wa gari," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Alisema inasafisha damu."

"Huyo mtu wa gari alikuuliza unameza nini?"

Fundi alipangusa unga uliomwagika juu ya kadi.

"Alikuambia kwamba mbegu zake na machipukizi yake yana kitu kingine kinachoweza kuamsha ugonjwa wa viungo na ngozi kwa wenye nao? Hakukuambia. Mtu mzima mwenye afya akila majani haya kidogo hayamdhuru, yana protini na madini ya chokaa, sawa. Wewe si huyo mtu. Nionyeshe mguu."

Mguu ulipopimwa kwa mashine ya picha ilionekana damu imeganda upya, juu kidogo ya goti. Tabibu alisema kipande hicho kingepanda kama kile cha kwanza, safari hii huenda wasingemwahi. Fundi aliandikiwa sindano za tumboni kila siku hadi namba ipande, na akaambiwa asiruke kliniki hata kama anashona nguo za harusi yake mwenyewe.

Muuguzi, akifunga kopo lile kwa plasta, alimwambia, "Shukuru una ndugu anayekufuatilia."

"Si ndugu yangu," Fundi alisema.

"Mimi si ndugu yake," Mama Mundu alisema wakati huohuo, "nilimfuata kwa sababu ya daftari." Akatoka bila kuaga.

Kama kuna aliyetegemea kwamba mambo yatatulia baada ya hapo, hakuwajua wanawake hawa. Fundi aliacha majani kabisa, hilo ni kweli, na alikwenda kuchomwa sindano siku zote bila kukosa. Lakini siku ya nne, uvimbe ulipoanza kushuka, alichechemea hadi ofisi ya mtaa kushtaki wizi wa kopo na kuingiliwa chumba. Mama Mundu aliitwa tena. Mwenyekiti alimuuliza kama ana la kusema.

"Niliiba. Andika."

"Lakini nimesikia ulimsaidia huyu."

"Sikuja kwa habari hizo. Andika wizi, nina majani ya kufunga."

Ilibidi amwombe wifi yake radhi mbele ya mwenyekiti. Aliiomba akiwa anatazama kabati, na Fundi aliipokea akiwa anatazama dirisha.

Mwezi uliofuata Fundi alileta mafundi wawili na matofali, akagawanya uwani kwa ukuta unaofika kidevuni. Bomba likabaki upande wake. Mama Mundu alikaa siku kumi na moja bila maji ya shamba, akinunua ya kunywa tu kwa madumu, hadi alipoweza kuvuta bomba lake kutoka barabarani. Kipande cha kwanza kilistahimili kwa sababu mizizi yake ilikuwa ya miaka tisa. Cha tatu, alichokuwa amekipanda upya mwaka ule, kilikauka nusu.

Watu waliokwenda kushonewa nguo waliambiwa kwamba kliniki ndiyo iliyogundua kosa la majani, kwa mashine zao. Mama Mundu hakutajwa. Yule mfugaji wa mbwa alimletea maneno hayo shambani, pengine akitaka kumwona akiwaka. Alimkuta anang'oa mashina yaliyokufa.

"Anasema ni mashine," mfugaji alirudia.

"Namba yake sasa ngapi?"

"Ya jana? Alisema mbili nukta nne."

Mama Mundu alikung'uta udongo kwenye shina, akalitupa pembeni. "Mwambie ukuta wake umeingia kwangu nusu futi," alisema. "Asipoubomoa mwenyewe, nitaubomoa mimi. Unataka matita mangapi?"